Saa ya Kupima Bwawa la Tatu

3 Februari

Mpendwa Maswali,

Salamu nyingi kwako na kwa huyo fundi cherehani wa chini ya chumba chako. Bado mashine zake zinakutikisia kitanda alfajiri? Sisi huku tuko salama. Paa limezibwa upande wa jikoni; upande wa sebuleni bado linatuonyesha mawingu. Baba yako hajambo, anakusalimu sana.

Sasa jambo lenyewe. Ofisini tumeletewa mkuu mpya wa mipango. Haendi popote bila mchoro wa mji ulioviringishwa kwapani, hata msalani, kwa hiyo tunamwita Bwana Ramani. Wiki iliyopita aliutandaza mchoro juu ya meza yangu ya chai, akaweka kidole kwenye bwawa la tatu na kusema, "Hili limekufa. Tulijaze kifusi, tupate maegesho ya malori." Ana ripoti ya maabara: oksijeni majini, miligramu sifuri nukta nne kwa lita.

Maswali, daftari langu lina kumi, kumi na moja, hadi kumi na mbili. Tangu mwaka juzi halijashuka chini ya tisa hata siku moja. Nimetunza mabwawa haya ya majitaka miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba natunza maiti.

Likifukiwa la tatu, maji ya la pili yataingia moja kwa moja kijitoni, na chini ya kijito kuna bustani za mboga na watu wanaochota. Mkutano wa kuamua ni tarehe 28 Mei. Wewe ndiye mtu wetu wa maabara. Niandikie barua ya kitaalamu, yenye mhuri kama upo. Simu ya ofisini siwezi kuitumia kwa hili, iko mezani kwake.

Mmoja wetu amekosea, na si mimi.

Shangazi yako

---

17 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika jana na nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Mashine za fundi zimeongezeka, sasa ni tano, na kitanda nimekihamishia ukuta wa pili. Kazini nimethibitishwa tangu Januari. Baba mwambie. Na mwambie pia nimekosa mstari wake. Zamani hakuna barua yako iliyokuja bila yeye kuandika mstari mmoja chini, hata kama ni wa kunikumbusha kufunga dirisha.

Kuhusu bwawa: barua yenye mhuri siwezi kuiandika kabla ya kujua ninachokitetea, kwa hiyo nivumilie.

Kanuni uliniambia wewe mwenyewe nikiwa na miaka tisa, tumeketi ukingoni na umeniziba pua kwa leso. La kwanza ni la kina, uchafu unazama. La pili na la tatu ni ya mwani. Mwani unapata mwanga, unatoa oksijeni. Bakteria wanaitumia oksijeni hiyo kula uchafu, nao wanauachia mwani hewa ukaa na virutubisho. Kila mmoja anaishi kwa anachokitupa mwenzake. Kisha wanakuja wadudu, samaki wa perege, ndege.

Lakini jua likizama mwani hautoi tena oksijeni. Unavuta tu, kama wengine wote. Kwa hiyo oksijeni inashuka mpaka alfajiri, halafu jua likitoka inaanza kupanda tena. Namba bila saa haina maana.

Naomba vitu vitatu. Nakala ya daftari lako kwa miaka mitatu. Namba ya chupa ya sampuli iliyoandikwa kwenye ripoti ya Bwana Ramani. Na saa unayopima wewe.

Wako,
Maswali

---

9 Machi

Mpendwa Maswali,

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuthibitishwa. Nimechelewa kwa sababu nakala nimeziandika kwa mkono, mashine ya ofisini ikigusa karatasi yangu inaitafuna. Zimo humu, kurasa thelathini na nane. Mama muuza mkaa amejifungua mapacha na sasa mtaa mzima haulali. Baba yako hajambo. Ana shughuli nyingi siku hizi, ndiyo maana haandiki, ila anakusalimu.

Chupa ni namba 212. Niliisoma Bwana Ramani alipokwenda kunawa mikono. Ripoti aliiacha mezani, mchoro tu ndio aliokwenda nao.

Tumebishana tena. Nilimwambia, "Njoo uone kereng'ende, njoo uone konokono, bwawa lililokufa lina wageni gani?" Akanijibu, "Mama, mji hauendeshwi kwa kereng'ende." Fundi wetu wa pampu akadakia kutoka mlangoni, "Wala kwa mchoro, mkuu, maana bomba la mwaka jana ulilichora lipite katikati ya kisima." Tangu siku hiyo hawasalimiani.

Kuhusu saa, napima kama inavyoagiza karatasi iliyobandikwa ukutani: asubuhi.

Barua ya mhuri usiisahau. Siku zinakwenda.

Shangazi yako

---

12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Niko mzima. Nimekaa na barua yako mwezi mzima kwa sababu moja, nayo ni hii.

Chupa 212 ilipita mikononi mwangu. Chupa zinakuja na namba tu, hatuambiwi zimetoka wapi. Nilipima mimi, nikapata sifuri nukta nne, nikatia sahihi mimi. Chini ya fomu kuna nafasi ya kuandika saa maji yalipochotwa. Ilikuwa tupu. Ilikuwa Ijumaa, chupa zilikuwa sitini, nikaipitisha. Nimewahi kumrudishia fomu mwenzangu kwa kosa hilohilo.

Nimemtafuta aliyechota. Alichota saa kumi na mbili na robo asubuhi, awahi basi. Sifuri nukta nne ni kweli, lakini ni kweli ya saa hiyo. Kwa bwawa la mwani si kifo.

Hilo ni langu. Sasa lako.

Hadi tarehe 11 Oktoba mwaka juzi umeandika mbili, mbili na nusu, tatu. Tarehe 14 Oktoba umeandika kumi na moja, na haijashuka tena mpaka leo. Katikati kuna siku mbili tupu, za pekee katika kurasa thelathini na nane. Bwawa haliponi kwa siku tatu. Kumi na moja haipatikani asubuhi, Shangazi. Ni namba ya jua la utosi.

Unapima saa ngapi?

Maswali

---

20 Aprili

Maswali,

Nilikuomba barua, hukuombwa kunihoji. Nilikuwa nazamisha kipimo kwenye maji yale wewe ukiwa bado unaogopa vyura. Karatasi inasema asubuhi na daftari linasema asubuhi.

Baba yako hajambo.

Shangazi

---

27 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimekubali nimekukera. Sitarudia swali, ila sitaliondoa pia.

Nimemweleza mkuu wangu habari ya chupa 212. Nimeandika barua ya kuiwekea ripoti ile masharti: isitumike bila saa. Mhuri upo, nakala yako imo humu. Mimi nimeondolewa kwenye meza ya vipimo, naosha chupa hadi mwisho wa Juni. Maji ni ya moto na redio ipo, usinionee huruma.

Lakini barua yangu haitatosha. Bwana Ramani akiliona daftari lako ataona nilichokiona mimi. Atalifunga, na bwawa litafungwa nalo. Fanya hivi: chagua siku moja ya jua. Anza saa kumi na mbili asubuhi, maliza saa kumi na mbili jioni, pima kila baada ya saa mbili, mahali pamoja, kina kimoja. Kila namba iandikiwe saa yake.

Na jingine. Nimezitoa barua zako zote sandukuni nikazipanga kitandani. Mstari wa mwisho wa Baba ni wa Septemba mwaka juzi. Namba zako zimeruka Oktoba mwaka juzi. Likizo zangu mbili nilizimalizia kwenye masomo ya ziada, sikuja kuona kwa macho yangu, na hilo sina wa kumlaumu.

Asubuhi huwa uko wapi, Shangazi?

Maswali

---

11 Mei

Mpendwa Maswali,

Tuko wazima, kwa maana ambayo nitaieleza sasa.

Tarehe 12 Oktoba mwaka juzi baba yako alipata kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilipooza. Maneno yalirudi baada ya wiki tatu, na neno la kwanza lilikuwa "asiambiwe". Ulikuwa na mwezi mmoja kazini. Alisema ukiambiwa utakuja, na ukija hutarudi. Aliniapisha. Mimi ni dada yake mdogo, tangu utoto hajawahi kunishinda kwa hoja, lakini siku hiyo alinishinda akiwa amelala.

Tangu hapo asubuhi zangu ni za kwake: kuoga, kula, kunyoosha mkono mara arobaini, mguu mara arobaini. Nafika mabwawani saa sita. Napima saa saba mchana. Karatasi inadai asubuhi, nikaandika asubuhi. Fundi wa pampu alijua, akanifungulia geti asubuhi kwa niaba yangu na hajawahi kudai hata ahsante.

Nilijua saa imebadilika. Kwamba saa peke yake inaweza kuipandisha namba kiasi kile, nilikwisha kusahau, ingawa niliwahi kukufundisha. Nilidhani bwawa limepata nafuu. Nadhani mwaka ule nilihitaji kitu kimoja kipate nafuu.

Siku yako ya jua ilikuwa juzi. Sikuwa na wa kumwachia baba yako siku nzima, kwa hiyo fundi wa pampu alimleta kwa pikapu ya ofisi, tukamweka kwenye kiti ukingoni na kofia yangu kichwani. Saa kumi na mbili perege walikuwa juu, midomo nje, mamia, wakihema. Fundi alisema wanafanya hivyo kila asubuhi, na siku za mawingu wengine wanakufa, naye huwaokota kabla sijafika. Mimi sijawahi kuwaona, kwa sababu sikuwepo. Kufikia saa nne walikwisha kuzama.

Niliposoma namba ya kwanza kwa sauti, baba yako alisema, "Lete kalamu." Nikamwambia, "Kaka, mkono upi?" Akasema, "Huu mwingine ulikuwa wa nini siku zote?" Kwa hiyo karatasi iliyomo humu si mwandiko wangu. Ameandika kwa kushoto, kutwa nzima, na saba yake inafanana na ndoana, usiidhanie moja:

Saa 12 asubuhi – 0.4
Saa 2 – 1.1
Saa 4 – 4.8
Saa 6 – 9.3
Saa 8 mchana – 11.8
Saa 10 – 10.1
Saa 12 jioni – 7.6

Kiapo nimekivunja mbele yake. Alisikia kila neno la barua hii nilipokuwa naliandika. Hakunizuia.

Shangazi yako

---

19 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo kwa Baba. Sitaandika mengi juu yake. Nitayasema nikifika, na nitafika Julai, likizo nimekwisha kuiomba. Karatasi yake nimeibandika ukutani, mbali na mashine za fundi. Mwambie saba nimeisoma vizuri.

Sasa tusipoteze muda, zimebaki siku tisa.

Usilitupe daftari na usilifiche. Chukua kalamu nyekundu. Kila ukurasa kuanzia 14 Oktoba mwaka juzi, kata neno "asubuhi" kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, andika "saa saba mchana", weka sahihi. Namba usiguse hata moja. Namba ni sahihi kwa saa yake.

Halafu tazama jambo ambalo hatukulitazama tulipokuwa tunagombana. Zamani ulipima saa mbili asubuhi, sivyo? Ulikuwa unapata mbili na nusu. Siku ile ya jua, saa mbili ileile, umepata moja nukta moja. Kwa hiyo Bwana Ramani amekosea kusema limekufa, nasi tukisema ni zima kabisa tutakuwa tumekosea. Limechoka. Linalishwa kuliko linavyoweza kumeng'enya. Bakteria wana chakula kingi mno na wanaimaliza oksijeni kabla jua halijatoka.

Chakula hicho kinatoka juu. Bwawa la kwanza lilizolewa tope lini mara ya mwisho? Zamisha mti mrefu, upime kina cha tope na kina cha maji. Usiniandikie mimi jibu, barua haitawahi. Peleka mkutanoni.

Maswali

---

1 Juni

Mpendwa Maswali,

Mapacha wa muuza mkaa wamejifunza kulala, basi na sisi tunalala. Baba yako anasema Julai ulete soksi, za huku zinaminya mguu mbovu. Unaona? Anaagiza sasa.

Mkutano ulianza saa tatu. Bwana Ramani aliongea nusu saa na mchoro wake ukutani. Nilipoitwa nililiweka daftari mezani likiwa wazi, wekundu wote nje. Usahihishaji ule ulinichukua siku mbili, na kila sahihi ilikuwa na uzito wake.

Akalifunua, akasema, "Kwa hiyo mama, umedanganya miezi kumi na tisa?"

Nikasema, "Saa nilidanganya. Namba, hapana. Wewe namba yako ni ya kweli na saa huna kabisa."

Watu wakaguna. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani asiyetabasamu, akaomba barua yako yenye mhuri, akaisoma yote. Kisha akaiomba karatasi ya baba yako. Akauliza nani ameandika hivi. Nikamwambia ni mtu anayejifunza upya, ndiye aliyezichukua asubuhi zangu. Akasema, "Inasomeka kuliko ya mipango."

Nikawaambia la tope. Bwawa la kwanza lina kina cha mita tatu, na mti wangu ulikuta tope mita mbili na robo. Halijazolewa miaka kumi na moja. Niliomba mara tatu kwa maandishi, kisha nikaacha kuomba. Hilo nalo nililisema. Bwana Ramani akauliza hayo yanahusiana vipi na la tatu. Nikamjibu, "Ukimpa mtu sahani ya watu wanne kila siku, halafu ukamkuta hoi, unamzika au unapunguza sahani?" Fundi wa pampu akapaza sauti kutoka benchi la nyuma: "Na perege bado wanahema, mkuu, hawajasoma ripoti!" Akatolewa nje. Alitoka akiwa ameridhika.

Uamuzi ni huu. Bwawa la tatu linabaki kwa mwaka mmoja wa uangalizi. La kwanza litazolewa tope kuanzia Julai, nusu kwa nusu ili kazi isisimame. Malori yatatafutiwa kwingine. Mimi nimepewa onyo la maandishi, limo kwenye jalada langu, na ni halali. Naanza kazi saa moja asubuhi bila kukosa. Wakikuta saa ya uongo tena, nafukuzwa mimi na bwawa linafukiwa.

Mwenyekiti aliniuliza mlangoni huyo anayejifunza upya atabaki na nani asubuhi. Nikamwambia sijui. Baba yako ndiye aliyejibu tulipofika nyumbani. Alisema ukingo wa bwawa la tatu ni hatua mia mbili na kumi kwa upande mrefu, mtaalamu wa mazoezi wa hospitali anamtaka atembee hatua mia mbili kila asubuhi, na yeye haoni ugumu uko wapi.

Shangazi yako

---

23 Novemba

Mpendwa Maswali,

Soksi zote ulizoleta Julai zimekwisha kutoboka kisigino, hivyo ndivyo anavyotembea. Chumba ulicholala bado kina harufu ya dawa yako ya mbu.

Nusu ya pili ya tope ilimalizika mwezi uliopita. Malori sabini na nane, niliyahesabu. Bwana Ramani alikuja kutazama, akasimama ukingoni muda mrefu bila mchoro. Aliniuliza yule ndege mrefu anaitwa nani. Nikamwambia.

Wiki tatu sasa sijamwokota perege aliyekufa, hata baada ya siku za mawingu. Namba za leo sikuandikii mimi. Nafasi ya chini nimeombwa niiache wazi.

Shangazi yako

*Saa mbili kamili asubuhi. 2.4. Nimepima mwenyewe. Funga dirisha. Baba.*